Je, Kuipa Kuvu Jina ni Kazi Bure?

Muhula uliopita wenzangu wa bwenini walinicheka kwa kuwa nilikaa jioni nzima nikichora kuvu niliyoiona katika hadubini ya maabara. Mmoja akasema, "Ugonjwa ni ugonjwa tu. Mtaalamu anayetumia miaka kutafuta jina la Kilatini anakula mshahara wa bure." Mimi siafiki hata kidogo, na naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu.

Kwetu ni Busawe, lakini nauli na sare zangu hutoka katika mibuni ya mjomba, huko milimani Tarime. Mwaka juzi buni zake zilipata madoa meusi yaliyobonyea zingali mbichi, kisha zikakauka mtini. Mjomba alidhani ni jua. Jirani akashikilia kuwa ni kutu ya majani. Walibishana hata mvua ikaisha, na mahali tulipozoea kuvuna magunia manne tukapata moja. Kumbe ulikuwa ugonjwa wa chulebuni.

Wala msimcheke mjomba, maana hata wataalamu walitatizwa. Ugonjwa huu ulionekana Kenya mwaka 1922. Kwa muda mrefu kuvu yake ilihesabiwa kuwa namna tu ya Colletotrichum coffeanum, jina lililotolewa mwaka 1901 kwa kuvu ya Brazil. Lakini Brazil hakuna chulebuni hata leo! Katika mibuni huishi kuvu kadhaa za ukoo huo, na nyingine hula buni zilizokwisha iva au matawi yanayokufa, bila madhara makubwa. Katika hadubini zinafanana kama mapacha; mbegu moja ina urefu wa kama sehemu moja ya sitini ya milimita. Nani atamtambua mwizi na mpita njia?

Mwaka 1993 ndipo Waller na Bridge, pamoja na Black na Hakiza, mtafiti wa kahawa wa Uganda, walipoonyesha kuwa kuvu hii ni aina ya peke yake. Hawakutegemea umbo tu. Waliikuza katika sahani, wakaipa chumvi za sitrati na tatrati ziwe chakula chake, nayo ikashindwa kuzitumia, ilhali ndugu zake huziweza. Tena yenyewe hushambulia buni mbichi isiyo na jeraha. Wakaiita Colletotrichum kahawae. Someni tena neno la pili: ni kahawa ya Kiswahili (najua, tuliipata kwa Waarabu) iliyovishwa kanzu ya Kilatini.

Sasa yule mwenzangu atauliza faida. Wanaotafuta mibuni yenye kustahimili chulebuni huinyunyizia miche michanga mbegu za kuvu, wakaona ipi itakufa na ipi itapona. Wakikosea wakatumia ile kuvu isiyo na madhara, miche yote itapona, nao watatugawia miche dhaifu wakiisifu. Mkulima atangoja miaka mitatu ndipo ajue amedanganyika. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali neno "bure".

Taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungo, ambayo ina kituo kidogo Sirari, imekwisha toa mibuni inayostahimili chulebuni na kutu pia. Mjomba amepata miche hiyo, na likizo hii nitakwenda kuchimba mashimo. Mwenzangu wa bwenini namkaribisha. Majembe yapo mawili.