Donetsk Haikuwa Kaburi la Kipaji

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, vijiweni hukumu imeshasomwa kabla mchezaji hajapanda ndege. Kijana wa Kibrazili akisaini Real Madrid au Barcelona, huyo ametoka. Akisaini Ukraine, Urusi au Uturuki, huyo amepotea: kafuata pesa, kaenda kuzika kipaji kwenye baridi. Nimeisikia imani hii miaka mingi, na nasema ni potofu.

Mwangalieni Fernandinho. Mwaka 2003 alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la Dunia la Vijana, Brazil ilipoifunga Hispania. Mwaka 2005 klabu yake, Atlético Paranaense ya Curitiba, ikafika fainali ya Copa Libertadores. Akiwa na miaka 20 tu, akaenda Shakhtar Donetsk, klabu ya mji wa wachimba makaa ya mawe mashariki mwa Ukraine. Alikaa huko miaka minane.

Je, kipaji kilizikwa? Alimkuta kocha Mromania, Mircea Lucescu, aliyejua Kireno na aliyekuwa na subira na vijana. Aliwakuta Wabrazili wenzake, na wengine wakaendelea kuja, hivyo upweke haukumla. Zaidi ya yote, alicheza. Alitwaa ubingwa wa Ukraine mara sita. Mwaka 2009, mjini Istanbul, Shakhtar iliifunga Werder Bremen 2-1 na kubeba Kombe la UEFA, mabao yote mawili yakifungwa na Wabrazili, Luiz Adriano na Jádson. Fernandinho alifika Donetsk akiwa kiungo wa kushambulia. Aliondoka akiwa anajua kukaba, kupokonya mpira na kuusoma mchezo kabla haujamfikia. Elimu hiyo haipatikani kwa kukaa benchi, hata benchi liwe la klabu tajiri namna gani.

Manchester City ilimchukua mwaka 2013. Akakaa misimu tisa, akatwaa Ligi Kuu ya Uingereza mara tano, akavaa kitambaa cha unahodha, na timu ilipopungukiwa na mabeki akarudi nyuma kucheza beki wa kati. Wala hakuwa peke yake kupitia Donetsk: Willian alifika Chelsea, Douglas Costa akafika Bayern Munich.

Sasa mtazameni Denílson. Mwaka 1998 Real Betis ilimnunua kutoka São Paulo kwa bei iliyovunja rekodi ya dunia. Chenga alikuwa nazo, na Hispania ndiko kila kijiwe kingemtuma. Miaka miwili baadaye Betis ilishuka daraja, na yeye hakuwahi kuifikia bei ile. Jina la ligi halikumwokoa.

Mtaniambia kwamba Shakhtar ilikuwa na pesa za tajiri, na vijana walizifuata. Ni kweli, walizifuata. Mpira ni kazi, na mwenye kazi hulipwa. Aibu iko wapi? Mtaniambia pia kwamba wapo waliokwenda ligi za pembeni na hawakusikika tena. Wapo. Lakini wapo pia waliozimika ndani ya klabu kubwa, tena wengi, na hao hatuwahesabu kwa sababu picha ya kusaini ilipendeza.

Sisi Watanzania tulipaswa kulijua hili mapema. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe, Lubumbashi, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, kisha akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji. Ndipo Aston Villa ikamtaka. Tarehe 1 Machi 2020, kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Samatta aliifunga City kwa kichwa. City ilishinda 2-1, na mmoja wa mabeki wake wa kati siku hiyo alikuwa Fernandinho. Mmoja alipitia Lubumbashi na Genk, mwingine Donetsk, wakakutana Wembley.

Kwa hiyo mzazi, wakala, na wewe shabiki mwenzangu: kijana akiletewa mkataba, msianze na jina la klabu. Ulizeni nani atamfundisha, na atacheza dakika ngapi.