Tairi kubwa kwenye gari ndogo: anayelipa ni msafiri

Kibumba, Nyiragongo. – Kuna jambo moja kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Goma na Rutshuru, ambalo halikuletwa na volkano wala na vita. Limeletwa na watu wenye akili zao. Gari ndogo zilizotoka Japani, Starlet, Vitz na ndugu zao, zinavuliwa tairi za kiwandani na kuvalishwa tairi na janti kubwa, halafu zinapakia watu kwa pesa. Kijana anayefanya hivyo kwa gari yake mwenyewe, na anapanda peke yake, shingo ni yake. Gari inayobeba mama, watoto na magodoro ni jambo lingine, na inafaa ikatazwe.

Wenye gari wana jibu tayari: barabara ni mbovu, gari inagusa chini, tufanye nini? Jibu hilo lina ukweli. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilitapika na lava ikakata barabara hii hii. Mawe yake yanakata kama kisu, na gari ya chini haiwezi kuyapita bila kuumia. Lakini tuhesabu wanachopata na wanachopoteza.

Chukua tairi iliyoandikwa 155/80 R13, ya kawaida kwa gari ndogo. Kutoka chini mpaka juu ina karibu sentimita 58. Ukiitoa na kuweka 185/65 R15, unapata sentimita 62. Gari inapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimita 2 tu. Kwa sentimita 2 hizo, nini kimeuzwa?

Kwanza, breki. Kiwanda kilipima breki kwa tairi ile ndogo. Tairi ikiongezeka asilimia 7, breki ile ile inapaswa kukaza asilimia 7 zaidi ili gari isimame pale pale. Hapo bado hujahesabu uzito wa janti yenyewe. Pili, konteri inaanza kusema uongo. Dereva anaona 60, kumbe anakimbia zaidi ya 64. Anaona 80, kumbe ni 86. Tatu, injini ndogo inachoka kupandisha gari kutoka Goma mpaka Kibumba, na ambreyaji inaungua mapema. Na kwenye mteremko wa kurudi Goma, gari imejaa watu na viazi, ndipo breki iliyopunguzwa nguvu inapohitajika kuliko siku zote.

Kuna wengine wanaofanya vibaya zaidi. Wanataka janti ya inchi 15 inayong'aa, wanaivalisha tairi nyembamba, 195/50. Piga hesabu: kutoka chini mpaka juu ni sentimita 57 na nusu. Gari haikupanda hata kidogo! Kilichobadilika ni mpira kati ya janti na jiwe. Ulikuwa sentimita 12 na zaidi, sasa haufiki 10. Jiwe la lava linapata chuma haraka, janti inapinda au inapasuka, na hewa inatoka ghafla. Mtu amelipa dola zake ili gari iwe dhaifu kuliko ilivyokuwa. Huo ni urembo wa Goma mjini, kwenye lami. Kibumba hauna kazi.

Halafu kuna mchezo wa janti za okazio. Janti ya Golf ya zamani inaingia kwenye Starlet, sababu zote mbili zina boliti nne kwenye duara la milimita 100. Fundi anafunga, anasema «imekaa». Lakini tundu la katikati la Golf ni milimita 57.1, na la Starlet ni 54.1. Milimita 3 za hewa. Janti haikukaa katikati kama inavyopaswa, uzito wote unabaki kwenye boliti, gari inatetemeka, boliti zinalegea. Msafiri anadhani ni barabara.

Wanaoumia ni akina nani? Ni wale wale waliokwisha umia. Familia za Kibumba zilizokimbia vita mwaka 2022 zikalala Kanyaruchinya, na kambi za kando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, wengi walirudi na kila kitu walichobaki nacho. Mtu wa namna hiyo hachagui gari. Anapanda ile iliyopo. Wanakaa saba pahali pa watano, mizigo juu na nyuma. Gari ikilemewa inashuka, na tairi kubwa inaanza kusugua bati la juu yake, inakatika ubavuni polepole, pahali ambapo hakuna anayetazama. Kugonga bati kwa nyundo ili tairi ipate nafasi si dawa.

Vijana wanaopenda gari za mbio nao wasidanganyike. Golf GTI iliyotoka Ujerumani mwaka 1976, gari iliyofundisha dunia kupenda gari ndogo yenye nguvu, ilikuwa na farasi 110 na ilipita kilomita 180 kwa saa. Janti zake zilikuwa inchi 13. Mbio zilitoka kwenye injini na wepesi wa gari.

Hata mwenye chukudu anayeshusha mashu na karoti mpaka Goma anajua somo hili. Kabla ya kupakia, anatazama ule mpira wa nyuma anaoukanyaga ili kusimamisha. Anapanga mzigo kufuatana na breki yake.

Basi, ifanyike nini? Mwenye gari anayetaka kupanda kidogo aweke 165/80 R13 kwenye janti yake ya zamani. Inaongeza chini ya asilimia 3, mpaka ambao mafundi wengi wanaukubali, na mpira wake ni mnene. Springi zilizochoka zibadilishwe, na gari ya watu watano ibebe watano. Chama cha madereva kiseme wazi kwamba gari yenye janti za kubahatisha haipakii kwenye parking. Na wale wanaokusanya pesa kwa jina la barabara waitengeneze, sababu ubovu wake ndio unaowapa wenye gari kisingizio.

Na wewe msafiri, kabla ya kulipa, inama utazame. Tairi ikiwa imekaribia kugusa bati hata kabla watu hawajapanda, ngoja nyingine. Tazama pia namba nne ubavuni: 2314 maana yake tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Dereva akikasirika kwa swali lako, amekwisha kukujibu.