Visukuku vya Bonde la Ufa visiishie Nairobi

WAKAZI wengi wa mtaa wa Free Area, Nakuru, wanakifahamu kilima cha Hyrax Hill kilicho jirani nao. Wachache wamewahi kuingia katika makavazi yaliyopo hapo. Kilima hicho kimepewa jina la pimbi, mnyama mdogo wa miambani ambaye watoto humdhania kuwa panya mkubwa. Kumbe wataalamu wamethibitisha kuwa pimbi ni miongoni mwa jamaa wa karibu zaidi wa ndovu walio hai leo, na kwamba zamani za kale Afrika ilikuwa na pimbi waliowazidi hawa kwa ukubwa mara nyingi.

Ukweli wa aina hiyo haujulikani kwa kukitazama kilima. Hujulikana pale mifupa ya kale, yaani visukuku, inapoonyeshwa hadharani na kufafanuliwa kwa lugha ambayo mtazamaji anaielewa. Hapo ndipo penye kasoro. Bonde la Ufa limeipa dunia hazina kubwa ya mabaki ya kale, lakini mwenyeji wa bonde hilo ndiye anayeyaona kwa nadra.

Tuanze na Hyrax Hill penyewe. Mary Leakey alianza kuchimba hapo mwaka 1937, mahali hapo pakatangazwa kuwa turathi mwaka 1943, na makavazi yakafunguliwa mwaka 1965 katika iliyokuwa nyumba ya shambani. Yaliyopo yanasimulia habari za binadamu: makaburi, mashimo ya makazi ya kale, na bao lililochongwa mwambani. Ni mambo ya thamani, ila si ya enzi za wanyama waliotoweka.

Anayewatafuta wanyama hao hana budi kusafiri takriban kilomita 30 kuelekea Gilgil hadi Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita. Eneo hilo, lililogunduliwa mwaka 1928 na msafara wa Louis Leakey, linasifika kwa mashoka ya mawe ya mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Pamoja na mashoka hayo kuna gego la ndovu wa aina iliyotoweka, aliyekuwa na pembe zilizonyooka. Jino hilo moja ni somo kamili. Linatueleza kuwa aliyechonga mashoka yale aliishi na wanyama ambao leo hatunao. Nao udongo mweupe unaochimbwa karibu na hapo, uliotokana na vijimea vidogo vya majini, unashuhudia kuwa ziwa lilifika mahali palipo pakavu sasa.

Kuhifadhi mifupa bila kuifafanua kuna gharama yake, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Simbakubwa. Mifupa yake ilifukuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 1978 na 1980. Ikahifadhiwa kwenye droo jijini Nairobi, na ni mwaka 2019 tu ambapo watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walipoitangazia dunia kuwa ni ya mnyama mpya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimpa jina la Kiswahili, Simbakubwa kutokaafrika, ingawa hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la wala nyama lililokwisha kutoweka, aliyeishi yapata miaka milioni 22 iliyopita, na inakadiriwa kuwa alimzidi dubu wa barafuni kwa ukubwa. Ulimwengu wa sayansi sasa unalitamka jina la Kiswahili. Ni watoto wangapi wa Nakuru wamewahi kulisikia?

Yapo majibu yenye mashiko kutoka upande wa pili. Visukuku ni vitu dhaifu, vinahitaji ulinzi na vyumba maalumu, na mtafiti hunufaika anapovikuta mahali pamoja. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 nayo imeweka masharti makali ya kuvilinda. Hakuna anayedai kwamba mifupa asilia ipakiwe kwenye lori na kutawanywa mikoani.

Hata hivyo, upo ufumbuzi usiohatarisha chochote. Nakala za plasta hutengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba mtazamaji wa kawaida hatambui tofauti, na makavazi makubwa duniani huzitumia. Taya la Simbakubwa la plasta likiwekwa Hyrax Hill, pembeni mwake fuvu la pimbi wa leo na picha ya gego la Kariandusi, mwanafunzi wa Free Area atayasoma mageuko ya viumbe kwa macho yake mwenyewe. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili pia, si kwa Kiingereza pekee.

Nani atagharimia? Katiba ya 2010 iliyaorodhesha makavazi miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku turathi zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki chini ya serikali kuu. Mgawanyo huo usiwe kichaka cha kila upande kumsubiri mwenzake. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021. Hadhi hiyo haipimwi kwa maghorofa na barabara tu, bali pia kwa kile ambacho mtoto wa jiji anakijua kuhusu ardhi anayoikanyaga.