Wamasai Walikwenda Kortini

Wako ndugu zetu wasemao mikutanoni kuwa Mmasai alinyang'anywa nchi kwa sababu hakujua kusoma wala hakujitetea. Hayo si kweli, na mwanachama anayeyarudia anamtetea mkoloni bila kujua.

Mwaka 1904 Serikali ya Kiingereza iliwatoa Wamasai Naivasha na Nakuru, penye malisho na maji mazuri, ili masetla wakae karibu na reli. Sotoka na ndui za miaka ya 1890 zilikuwa zimekwisha kuwamaliza nguvu. Wakapewa Laikipia, na nchi nyingine kusini ya reli, pamoja na ahadi ya maandishi kuwa itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Kabila lipo hata leo. Ahadi ilidumu miaka 7 tu. Mwaka 1911 ikaletwa karatasi ya pili: Laikipia nayo yatakiwa na masetla, basi wahame wote kusini.

Tena mfugaji hahami kama karani aliyebadilishiwa ofisi. Anayo malisho ya masika na ya kiangazi, anajua penye magadi, anajua mto upi haukauki. Huko kusini ng'ombe wengi walikuta kupe na maradhi wasiyoyazoea, wakafa.

Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake wakaishitaki Serikali katika Mahakama Kuu, Mombasa. Majaji wakajibu kuwa Wamasai si raia wa Mwingereza, kuwa zile karatasi ni mkataba baina ya mataifa mawili, na korti haina uwezo wa kuusikiliza. Wakakata rufani, wakashindwa tena. Ajabu! Watu hao hao walikuwa wakilipishwa kodi, wakiamriwa na Bwana Shauri, na ng'ombe wao wakizuiwa kuuzwa kwa karantini. Siku ya kodi ni watu wa Serikali. Siku ya haki ni wageni.

Mwaka 2004, miaka 100 tangu karatasi ya kwanza, Wamasai waliingiza mifugo katika mashamba ya Laikipia wakidai nchi yao. Safari hii waliowafukuza ni polisi wa Serikali iliyochaguliwa na Waafrika wenyewe. Jambo hili latuuma kuliko lile la majaji.

Mwanachama wa Kajiado au Narok akituuliza msimamo wa chama juu ya mashamba hayo, tutamjibu nini? Tunataka jambo hili liingie katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na wafugaji wenyewe wawe wa kwanza kulisemea.