Maabara si Mlango na Kufuli



Mafiga ni kata ya mji wetu wa Morogoro, na mafiga ni mawe ya jikoni. Kila mtoto aliyelelewa penye moto wa kuni ajua ya kuwa chungu hukaa juu ya mawe matatu. Lakini mwulizeni mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa nini ni matatu wala si manne: yamkini atanyamaza, ijapokuwa amekwisha kunakili daftarini kanuni za vitu kusimama imara. Mawe matatu, hata penye ardhi isiyo sawa, chungu huyagusa yote. Ukiongeza la nne, mara nyingi moja huachwa chini na chungu huyumba. Nusu saa ya kupanga mawe uani na kubishana ingalimfaa mtoto huyo kuliko juma zima la kutazama ubao.

Twasema haya kwa sababu vyumba vya maabara vimejengwa, na kazi ya maabara bado yangoja. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichanga fedha, na makarani miongoni mwao. Walakini mchango ule haukutolewa ili watoto sitini wazunguke meza moja kutazama mikono ya mwalimu, wala ili chumba kifungwe hadi majuma ya mtihani.

Tunao mfano wa nchini mwetu wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wakitia sukari, wakiyaacha yapoe, ndipo wayatie katika jokofu yawe aiskrimu. Siku moja nafasi jokofuni ilikuwa haba, naye akaona heri ayatie ya kwake yangali moto. Mwenzake alitia yasiyochemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa darasani. Hakukaa na kicheko chao: alipokuta maabara ya baiolojia i wazi, alichukua vyombo viwili, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji ya moto, akavitia katika jokofu, akatazama.

Kisha alifika shuleni mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza lile lile, na wenzake wakacheka tena. Osborne hakusema ndiyo wala siyo. Alisema atajaribu, naye alijaribu. Mwaka 1969 wote wawili waliandika habari ile katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu hawajakubaliana: mwaka 2016 wengine huko Uingereza walipima kwa uangalifu mwingi wakasema hawakuliona, na wengine wameona mfano wake katika vitu visivyo maji. Hayo hayampunguzii Mpemba kitu, maana swali lake limewapa wakubwa wa elimu kazi ya zaidi ya miaka hamsini. Yeye mwenyewe, kwa furaha yetu, aliishia kuwa mtumishi wa serikali katika idara ya wanyamapori.

Iko na habari ya lugha. Fizikia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mtoto asiyekimudu hubakia na swali lake kifuani. Sisi twaona haya: yeye na wenzake na wabishane kwa Kiswahili mezani, hata kwa Kiluguru wakitaka, wakisha kupatana ndipo waandike kwa Kiingereza kama mtihani utakavyo. Mtu hawezi kubishana kwa lugha ambayo angali akitafuta maneno yake.

Wako watakaosema vyombo ni ghali. Vingine ni ghali kweli. Lakini kipimajoto kimoja na sufuria vyatosha kwa somo hili: wanafunzi wachemshe maji hapa mjini, penye mita 500 hivi juu ya bahari, wapime, kisha wapande Uluguru wapime tena. Kwa kila mita 300 za kupanda, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu digrii moja. Mtu akifika kilele cha Bondwa, kilichopita mita 2,000, tofauti ni kama digrii tano. Wasiambiwe kabla. Wakadirie kwanza, waandike makadirio yao, kisha waone nani alikaribia, na wazee wa milimani wawaambie maharage huchukua muda gani kuiva kule.

Basi wanachama mlio katika bodi za shule, mtakapokaguzwa maabara msiridhike na rangi ya ukuta na hesabu ya viti. Ombeni daftari la majaribio. Ulizeni ni wanafunzi wangapi muhula huu walioshika kipimajoto kwa mikono yao wenyewe, na swali gani la mwanafunzi lilijaribiwa mezani. Majibu yenu yaleteni kwa mwandishi wa chama kabla ya muhula kwisha, nasi tutayachapa kurasa hizi, mazuri na mabaya.