Gunia la Mchele Halilipi Deni

Jimbo letu la Lualaba limepinduka kichwa chini. Anayedaiwa anaitwa mfadhili, na maskini asiyedaiwa chochote anadaiwa sadaka. Ikifika Noeli upotovu huu unavaa nguo nyeupe na kuingia kanisani, na wewe ndugu yangu unaimba tu.

Unaimba nini?

Gari la kampuni linakuja na kusimama mbele ya kanisa. Wanashusha mchele, mafuta, na fulana zenye jina la kampuni kifuani. Mheshimiwa anatangulia, wapiga picha wanamfuata. Mama zetu wamesimama juani tangu asubuhi na wimbo wa shukrani. Pasta anawaombea wageni, anawaita wakarimu.

Wakarimu kwa lipi? Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa kando ya mgodi. Tena katika mrabaha wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya mji, sekta au himaya ya chifu ambamo mgodi uko. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na nyingi yake inatoka chini ya miguu yetu, Kolwezi na Fungurume. Piga hesabu mwenyewe.

Hiyo ni pesa ya visima. Ni pesa ya zahanati. Ni pesa ya barabara ya kumfikisha mgonjwa Kapanga akiwa bado anapumua. Ni deni kwa sheria, wala si hisani ya mtu. Anayedaiwa ng'ombe akikuletea kikombe cha maziwa, utamchezea ngoma?

Dawa ya deni ni kulipa. Wimbo haulilipi. Maombi ya pasta hayalifuti.

Sisemi mchele urudishwe. Mtoto mwenye njaa ale, ashibe. Lakini gari lile likija, mzee wa kanisa ashukuru kwa mchele, kisha kwa kipaza sauti kilekile aulize: ile asilimia 0.3 ya mwaka huu iko wapi? Nani aliitia sahihi? Imechimba kisima kipi? Aulize wapiga picha wakiwepo.

Sasa njoo ndani ya kanisa, maana huko ndiko kunakoniuma zaidi.

Bahasha zimegawiwa mapema, kila moja na jina la mtu. Mama anayeuza sombe sokoni anaambiwa asije mikono mitupu mbele ya Mungu. Mjane anaambiwa apande mbegu ili mwaka mpya umfungukie. Kijana aliyerudi Musumba kutoka mashimo ya Kolwezi, na vumbi bado limo kifuani, anasimamishwa mbele ya watu wote: Mungu amekulinda shimoni, unamtolea nini?

Swali gani hilo? Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV ukaua wachimbaji zaidi ya 40. Tarehe 15 Novemba 2025, wakati maduka yalikuwa yakijiandaa kwa sikukuu, daraja la kienyeji lilivunjika katika mgodi wa Kalando, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hao hawakusali? Hawakutoa? Anayemwambia mchimbaji kwamba sadaka yake ndiyo inayoshikilia udongo usianguke anawatukana marehemu, na anamtukana Mungu pamoja nao.

Wanapenda sana kutuhubiria yule mjane wa senti mbili. Mbona wanaanzia katikati? Fungua Marko sura ya 12, rudi juu kidogo. Kabla ya mjane kufika, Yesu amewakemea walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Ndipo mjane anatoa riziki yake yote. Yesu alimwona mama yule. Wachungaji wetu, ninyi mnamwona, au mnaona senti zake tu?

Na hao wazazi wa mtoto tunayemsherehekea, walitoa nini? Walipompeleka hekaluni hawakuwa na mwanakondoo. Luka anataja ndege wawili, nayo ilikuwa sadaka ambayo torati ilimruhusu maskini. Sikia vizuri: torati ya Musa ilimshushia maskini kiwango! Mama wa Mkombozi alitoa sadaka ya watu wa chini, na ikapokewa. Aje leo na ndege wake kwenye baadhi ya makanisa yetu, ataketishwa nyuma kabisa.

Mamajusi nao walipita kwa Herode, mfalme, mwenye jumba. Hawakumwachia dhahabu. Waliibeba mpaka kwa mtoto wa fukara. Dhahabu yao ilishuka. Yetu kila Noeli inapanda, kutoka kwa anayelala njaa kwenda kwa aliyeshiba, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maskini wa Lualaba hahitaji kutishwa ili atoe. Msiba ukimpiga jirani, unga na kuni vinafika kabla ya padri. Masista wa Bon Pasteur walipoanza kazi Kolwezi, waliwaendea watoto waliokuwa wakiosha madini na kuwaweka darasani. Hiyo ni sadaka inayojua njia ya kwenda Bethlehemu.

Wewe msomaji haya yote unayajua. Unayanong'ona njiani baada ya ibada, halafu Jumapili unanyamaza na kufungua pochi. Mpaka lini? Mwaka huu mhazini asimame asome hesabu mbele yetu sote: makuta mangapi yameingia tangu Bonane iliyopita, mangapi yamenunua tairi za gari la mchungaji, na mangapi yamelipia karo watoto wa waliofukiwa shimoni. Akikataa kusoma, shika bahasha yako utoke nayo. Kwenye mtaa wako kuna nyumba yenye watoto ambao baba yao hakurudi kutoka mgodini. Unaijua. Ipeleke bahasha huko, siku hiyohiyo, kabla bukari haijaiva kwako.