Kipaji Hakirushi Mpira

Kila kiongozi anayealikwa kwenye bonanza la vijana huku kwetu Kyela husema sentensi ileile. Anasimama jukwaani, anafuta jasho, anawatazama vijana wenye mabega mapana waliopangwa mbele yake, kisha anatangaza: "Wilaya hii ina vipaji vingi sana." Tunapiga makofi. Anapanda gari, anaondoka. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na sentensi ileile, nasi tunampigia makofi yaleyale.

Mimi nimeacha kupiga makofi. Sababu yangu inaanzia kwenye dumu.

Nilikuwa na miaka 13. Tulikuwa ufukweni Ngonga, mchana, upepo wa kusini ulipozidi ghafla na ziwa likaanza kuchafuka. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa peke yake kwenye mtumbwi mdogo, nao ukapinduka. Baba mdogo na wenzake wawili wakaingiza mtumbwi mkubwa majini, wakapiga makasia mpaka wakabakiza kama mita kumi na tano kumfikia. Hawakutaka kusogea zaidi, kwa sababu mtu anayezama akishika ukingo wa mtumbwi huwamwaga wote. Walikuwa na dumu tupu la lita tano lililofungwa kamba.

Baba mdogo, ambaye mikono yake ilikuwa gumzo ufukweni, alisimama akalirusha. Liliangukia nusu ya njia. Akalivuta, akarusha tena, upepo ukalipeleka pembeni. Mara ya tatu aliyumba, nusura aanguke yeye. Mara ya nne yule kijana alilishika, lakini ni wimbi lililomsogeza kwenye dumu, si mrusho uliolifikisha dumu kwake. Alipona. Alitapika maji, akalia, na jioni akala wali kama sisi wengine.

Usiku nilimwuliza baba mdogo, "Baba, mbona dumu lilikuwa halifiki?" Hakukasirika. Alitazama viganja vyake, akasema: "Mwanangu, mikono hii imejifunza kuvuta. Kurusha hakuna aliyeifundisha."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, niliona polo ya maji kwa mara ya kwanza kwenye simu ya rafiki yangu. Wachezaji saba kila upande, golikipa akiwemo, kwenye maji ambayo hawaruhusiwi kukanyaga chini. Mpira wa wanaume una uzito wa kati ya gramu 400 na 450, na mchezaji wa kawaida anaushika kwa mkono mmoja tu. Mchezo huu umo kwenye Olimpiki tangu 1900, na wanawake waliingia 2000 kule Sydney. Rafiki yangu alishangaa mabao. Mimi nilishangaa kitu kimoja tu: hawa watu wanarusha wakiwa hawana pa kusimama.

Fikiria jambo hilo kidogo. Ukirusha jiwe ukiwa nchi kavu, unaikanyaga ardhi, nayo inakusukuma. Nguvu inapanda kutoka mguuni, inapita nyongani, kiwiliwili kinazunguka, bega linafuata, kiwiko kinanyooka, kiganja kinamalizia. Mkono ni mwisho wa safari. Majini hakuna cha kukanyaga, kwa hiyo mchezaji analazimika kujitengenezea ardhi yake mwenyewe. Kila mguu unakoroga maji kwa upande wake, mmoja ukisukuma wakati mwingine unajipanga, bila kupumzika, mpaka kifua kinatoka nje ya maji. Ndipo anarusha. Watazamaji wanaona mkono, kumbe kazi kubwa iko chini ya maji ambako hakuna anayetazama.

Wanaume wa ngazi ya juu kabisa hurusha mpira kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa na zaidi. Penalti hupigwa kutoka mita 5. Piga hesabu: kwa kasi hiyo, golikipa ana zaidi kidogo ya robo ya sekunde. Ukirusha kwa kilomita 40 kwa saa, umempa karibu nusu sekunde, na hapo anaudaka bila shida. Tofauti hiyo haiji kwa kuzaliwa. Inatengenezwa kwa miezi na miaka ya mazoezi ya nguvu na ya ufundi.

Sasa turudi kwa kiongozi wetu na vipaji vyake.

Ukimwuliza kwa nini vijana wa ziwani hawana programu ya mazoezi, atakujibu kwamba hawa wana nguvu tayari: wanapiga makasia, wanavuta nyavu, wanabeba magunia ya mpunga na kakao. Sentensi hiyo inafanana na sifa, lakini ni kisingizio. Nguvu haiko ya aina moja. Misuli hujifunza kile inachofanyishwa, na kwa mwendo uleule inaofanyishwa. Anayevuta nyavu saa tatu usiku kucha anajenga nguvu ya polepole na ya kudumu. Anayerusha anahitaji kuitoa nguvu yake yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Baba mdogo angeweza kukuvuta wewe na mtumbwi wako mpaka nchi kavu. Dumu tupu lilimshinda.

Sisemi kazi ya ziwani ni bure. Misuli ya mgongo na ya nyuma ya bega, ileile inayovuta nyavu, ndiyo breki ya mkono baada ya mpira kuondoka. Bega lisilo na breki huharibika, na warushaji wengi wa polo ya maji wanaumwa mabega. Kwa hiyo kijana wa Matema anaweza kuanza akiwa na breki nzuri kuliko mtoto wa mjini aliyekulia kwenye kiti. Lakini gari lenye breki tupu haliendi popote.

Jumamosi mnadani Matema, wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Sijaona mteja hata mmoja akienda pale kununua udongo. Udongo umejaa, ni wa bure, na haupiki maharage. Umekandwa, umefinyangwa, umeanikwa, umechomwa, ndipo ukawa na bei. Kipaji ni udongo. Kutuambia kila mwaka kwamba tuna udongo mwingi si kutusifu. Ni kukiri kwamba hakuna aliyewasha moto.

Kama taifa tumeushikilia udongo huo miaka mingi. Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, zote za fedha na zote za Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5000. Tangu hapo vipaji havijapungua, wala hotuba za vipaji hazijapungua.

Jirani yetu Mkenya alifanya jambo jingine. Julius Yego alikulia kwenye nchi ambako ukisema michezo watu wanaelewa mbio, naye akachagua mkuki. Alikosa kocha wa kumfundisha, akakaa kwenye video za intaneti akiwatazama warushaji wakubwa, akijisahihisha na kurudia. Baadaye akapata kambi na kocha Finland. Mwaka 2015 Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na 2016 Rio akachukua fedha ya Olimpiki. Watu humwita mwenye kipaji. Mimi naona mtu aliyegoma kuridhika na neno hilo.

Najua utakachosema, msomaji: hatuna bwawa, hatuna jimu, hatuna rada ya kupima kasi. Hicho ndicho kisingizio cha pili, na safari hii ni chetu sisi tuliosoma. Tunangoja tujengewe kwanza. Huku tukingoja, tunakwenda Matema likizo, tunapiga picha za watoto wenye misuli machweo ya jua, tunaandika "Afrika ina nguvu," tunahesabu waliopenda.

Hebu tutazame mahitaji yenyewe. Mfuko wa mchanga wa kilo mbili au tatu, uliofungwa vizuri, wa kurusha kwa mikono miwili kutoka kichwani na kutoka kiunoni huku kiwiliwili kikizunguka. Kuchuchumaa na kuruka juu, mara tano, kwa kasi yote, kisha kupumzika kabisa kabla ya kurudia. Tawi la mwembe la kujivuta. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye mti, cha kuzungushia bega nje taratibu ili lisiumie. Majini, penye kina kinachojulikana, kukoroga kwa miguu ukiwa umeinua mikono yote miwili, na ukizoea, ukiwa umeshika chupa ya maji juu ya kichwa. Kisha mpira wenyewe, mirusho michache, kila mmoja kwa nguvu yote. Kasi ikianza kushuka, unaacha, kwa sababu mrusho wa uchovu unaufundisha mwili uchovu. Mara mbili au tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

Kupima? Simu inayochukua picha 30 kwa sekunde inatosha. Weka alama ya mita 5, rekodi kutoka ubavuni, hesabu picha tangu mpira utoke kiganjani mpaka ufike. Picha 15 ni nusu sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Zikishuka kufika 10, umefika 54. Hapo kijana hahitaji kuambiwa na mgeni rasmi kwamba anaweza. Ana namba yake.

Na wasichana wawemo tangu siku ya kwanza. Wale wanaobeba ndoo za maji kichwani kwenye njia ya tope bila kumwaga tayari wana kiwiliwili ambacho makocha wengine wanalipwa kukitengeneza. Hotuba ya vipaji huwa haiwaoni.

Sitaki kudanganya kuhusu ziwa. Kwenye midomo ya mito kuna mamba, kwenye maji yaliyotuama penye matete kuna kichocho, na upande wa Milima ya Livingstone kina kinashuka ghafla. Ndiyo maana mazoezi yanataka mtu mzima anayejua kuogelea, eneo lililowekewa alama, na kamba. Hatari hizi hazitupi ruhusa ya kukaa. Watoto wataingia ziwani tu, tuwafundishe tusiwafundishe. Asiyeweza kujishikilia majini kwa miguu yake hawezi kumrushia mwenzake chochote, iwe mpira au kamba.

Huenda hakuna hata mmoja wao atakayefika Olimpiki. Mimi nadai kitu kidogo kuliko medali: mtoto wa ufukweni ajue kwamba nguvu inafundishwa, kwamba inapimwa, na kwamba kushindwa kwake leo si hukumu ya kuzaliwa. Anayeamini kipaji, akishindwa mara moja anaondoka. Anayeamini mazoezi anarudi kesho.

Kwa hiyo, mgeni rasmi wa mwaka huu, ukifika, acha sentensi yako garini. Tuletee mipira kumi na mwalimu mmoja wa kuogelea anayelipwa. Nawe mwenzangu uliyesoma na unarudi nyumbani Disemba, usirudi na kamera peke yake. Mimi nimenunua mpira, na tyubu ninayo. Nimezungumza na baba mdogo, ambaye sasa amezeeka lakini bado anaijua kila rangi ya maji ya Ngonga, naye amekubali kukaa mtumbwini na kuwaangalia watoto.

Alitoa sharti moja. Dumu liwepo mtumbwini, lenye kamba, na ndani yake maji kidogo, ili upepo usilichukue.